Usiifute Miti ya Baba Yako Mkubwa

Matembwe, Alhamisi alasiri

Mwanangu Faraja,

Najua mama yako amekwambia nimenuna. Na kwa ninavyomfahamu, alisema huku ameshika kiuno: "Mwache anune, akichoka atarudi." Sijanuna. Niko Matembwe kwa baba yako mkubwa Zakaria, nimekaa kwenye gogo nje ya banda lake la mbao, na karatasi nimeiweka juu ya ubao wa msindano ambao bado unanukia utomvu. Lori la Mzee Salum wa banda la video linapakia hapa mbele yangu. Dereva ameniambia likijaa linaondoka, halimsubiri mtu anayeandika. Litapita Njombe, na Mungu akijalia litaingia Makambako kabla basi lako la asubuhi halijaondoka. Usiucheke mwandiko, ubao una mafundo.

Mambo ya sweta, ya kuficha pasi ya kusafiria, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hayo mama yako ameyamaliza, na wala sitajaribu kushindana naye. Mimi nataka kusema juu ya lile neno lako la Jumapili. Ulisimama mlangoni mwa studio, wateja wawili wamekaa kwenye benchi wanasikia, ukaniambia: "Sawa, baba. Nitaifuta miti ya baba mkubwa. Nikifika huko naifuta yote, mtalala vizuri." Kisha ukaondoka bila kufunga mlango.

Wiki nzima nilikuwa nakuomba jambo hilo hilo, uifute kwenye video yako. Uliponikubalia nilitakiwa kufurahi. Badala yake niliona aibu hata nikashindwa kuweka filamu kwenye kamera. Yule mteja mwenye kofia akasema, "Mzee, tunapiga au turudi kesho?" Nikawaambia warudi kesho.

Usiifute, Faraja. Hilo ndilo ninalokuandikia. Mengine yote ni maelezo, na unamjua baba yako kwa maelezo.

Nianze na kuku. Ulikuwa darasa la pili au la tatu, unakaa studio baada ya shule kwa sababu mama yako yuko sokoni. Siku moja nikafungua kitabu changu cha risiti nikakuta kila ukurasa, pale pembeni, umechora kuku. Kuku mmoja ameinua kichwa, anayefuata amekishusha kidogo, mwingine amekishusha zaidi. Sikuuliza. Nilikuchapa kwanza, kwa ajili ya risiti. Jioni Mzee Salum alipopita kuchukua picha zake, akakishika kile kitabu akakipepesa kwa kidole gumba, akaanza kucheka peke yake. "Bwana wee, kuku anadonoa!" Nikakinyakua nikakipepesa na mimi. Kweli alikuwa anadonoa. Wewe ulikuwa umelala kwenye benchi, machozi yamekukaukia mashavuni. Sikukuamsha nikuambie nimeona. Nilijisemea nitamwambia kesho, na kesho ile ilikuwa na wateja wengi.

Kwa hiyo uliporudi kutoka chuoni ukaanza kunieleza kazi yako, kwamba unachukua picha za nchi zilizopigwa kutoka juu kabisa, unaipa kompyuta vipimo vya milima na mabonde, nayo inakujengea mfano wa nchi hiyo kwa mistari kama waya wa banda la kuku, halafu unauvika mfano ule rangi, halafu unaufanya utembee, picha moja baada ya nyingine, kila moja imebadilika kidogo sana, mimi nilielewa mapema kuliko ulivyodhani. Nilikuwa nimekiona kitabu cha risiti. Wewe ulidhani natikisa kichwa kwa heshima tu.

Ile kazi yako ya kwanza, ya Kitulo, haikuleta shida kwa mtu yeyote. Ulionyesha uwanda ule unavyogeuka mwezi hadi mwezi, nyasi zinavyokauka, mvua inavyorudi na maua yanavyofumuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kila aliyeiona alipiga makofi. Maua hayana baba mkubwa. Ulipoleta mfano wako bondeni kwetu ndipo mambo yalipoanza, na yalianza na mimi.

Unakumbuka zile picha kubwa za satelaiti ulizoziacha studio zimeviringishwa ukaenda Njombe kwa siku chache? Nilizifungua. Nikakuta bonde la babu yako lote ni jekundu. Milima myekundu, mashamba mekundu, na pale kwa kaka yangu kumekolea kama pilipili iliyoiva. Nikasema, maskini mwanangu, wamemharibia. Wewe hujui taabu ya picha za rangi zilipoingia, jinsi dawa zilivyokuwa zikichoka kule mjini wanakosafisha picha, na bibi harusi anakurudia na sura nyekundu kama amepigwa. Nikadhani ni hilo. Nikatoa brashi zangu za zamani, zile za enzi tulipokuwa tunapaka rangi kwa mkono picha nyeusi na nyeupe, nikaipaka moja kijani. Niliipaka vizuri, Faraja. Miti kijani kilichokolea, mashamba kijani cha chai, kijito bluu. Mama yako alipita akasema, "Hapo sasa pamekuwa Matembwe."

Uliporudi ulisimama mbele ya ile picha muda mrefu. "Baba," ukasema, "umeipaka rangi data yangu." Nikakueleza habari ya dawa zilizochoka. Ulinitazama, ukakaa chini sakafuni, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Halafu ukanifundisha: kile chombo kinaona mwanga ambao macho yetu hayauoni, na jani lenye afya linaurudisha mwanga huo kwa wingi, na kwenye karatasi wataalamu wameupa rangi nyekundu. Palipo pekundu sana ndipo penye majani mazima. Nilicheka na wewe, lakini nilikuwa nimeharibu kitu ulichokihangaikia, na nilikiharibu kwa mapenzi. Kosa la namna hiyo ni gumu kulisamehe kwa sababu mwenyewe hata hajui aombe radhi kwa lipi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui, kwa sababu lilitokea ulipokuwa mdogo, na mwisho wake ulikuja ukiwa chuoni.

Mama mmoja wa Mdandu alikuja studio na watoto wake watatu na picha ndogo ya kitambulisho ya mumewe. Mume alikwenda machimboni Zambia, akakaa kimya mpaka watu wakaacha kumuulizia. Mama akaniambia, "Mpiga picha, nataka watoto wawe na picha moja na baba yao." Kazi hizo tulikuwa tunazifanya, kila studio ilizifanya. Nikamwita fundi cherehani wa jirani, nikamvalisha koti la studio, akasimama nyuma ya watoto, mkono begani kwa binti mkubwa. Nikapiga. Kisha kichwa cha fundi nikakikata kwa wembe, nikabandika cha mume, nikapiga tena picha juu ya picha, nikaficha mshono wa shingo kwa penseli. Ilitoka safi. Yule mama aliishika akalia, na mimi nilijiona mtu mwema.

Miaka ikapita. Siku moja akaingia mwanamke kijana na mtoto mgongoni, anataka picha ya mtoto. Alipomaliza hakuondoka. Akasema, "Mzee, nilipigwa picha hapa na baba yangu. Nakumbuka mkono wake begani, ulikuwa wa moto. Lakini sikumbuki alisema nini. Wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

Nilitakiwa kusema kweli. Mdomo ulifunguka kabisa kusema. Nikaona jinsi anavyoningoja, nikamjibu: "Alisema usome." Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akanishukuru, akaondoka. Yule fundi mwenye mkono wa moto alikuwa nje pale pale kibarazani, anashona suruali ya mitumba. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimpa yule binti kitu au nilimnyang'anya. Ninachojua ni kwamba picha niliyoitengeneza kwa wembe ilikuwa imeingia kichwani mwa mtu ikawa ndiyo maisha yake, na mimi sikuwa na njia ya kuitoa.

Nimelikumbuka hilo wiki hii yote, kwa sababu mimi niliyelifanya nikaja kukuomba na wewe ushike wembe.

Turudi kwenye ile siku ya video. Nitaisimulia ingawa ulikuwepo, maana wewe ulikuwa nyuma ya mashine na hukuona kila kitu. Mzee Salum alileta jenereta, televisheni na deki kutoka kwenye banda lake la video, akasema, "Bismillahi, likigoma msinilaumu mimi, laumuni mafuta." Ukumbi wa kijiji ulijaa. Nusu ya vijana walidhani ni filamu ya ngumi. Bibi Yudita, yule mjane mwenye kinyungu chini kabisa ya chemchemi, alikaa mbele na kigoda chake mwenyewe. Wewe ulikulia Makambako, kwa hiyo nikukumbushe kinyungu kile ni nini kwake. Huku juu kiangazi kikikaza hakioti kitu. Kule bondeni, kwenye udongo wenye unyevu, ndiko anakopata mboga, viazi na mahindi mabichi miezi ambayo ghala ni tupu. Hana kingine.

Mlima ulipotokea kwenye televisheni, kwanza kama wavu mtupu, kisha ukavikwa nchi, watu walipiga kelele. "Kanisa lile pale!" "Kwa Zakaria pale, tazama njia!" Kaka yangu alikuwa anatabasamu, nilimwona. Halafu miaka ikaanza kutembea pale pembeni ya kioo, ikaupita hata mwaka huu. Wekundu wa milingoti yake, mikaratusi ile, ukashuka kutoka mlimani, ukaizunguka chemchemi, ukaendelea kushuka, na ule mstari wa bluu wa kijito ukawa mwembamba, ukakatikakatika, ukapotea. Tukasikia jenereta tu nje.

Bibi Yudita akasema, "Rudisheni nyuma."

Ukarudisha. Ukaacha picha ionekane inavyorudi, na maji yakarudi. Wekundu ukapanda mlimani, kijito kikaungana, kikajaa. Watu walishangilia kama timu imefunga. Akina mama wakapiga vigelegele. "Tena!" wakasema, ukaachia, maji yakakauka, ukarudisha, maji yakaja. Mara ya tatu maji yalipojaa Bibi Yudita akainua mkono: "Basi. Simamisha hapo. Tuache hapo hapo." Na wewe ukamjibu kwa upole, "Bibi, siwezi. Hii ni kanda tu."

Ndipo kaka yangu akasimama. "Damu ya nani hiyo mmeipaka kwenye miti yangu?" Akatoka, na wazee wawili wakatoka naye. Na mimi baba yako, saa hiyo ndugu yangu anasimama kwa hasira mbele ya kijiji kizima, nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nampiga picha. Taa ya kamera ilimmulika usoni.

Kosa la siku ile lilikuwa langu, siyo lako, na nataka ulielewe vizuri kabla hujapanda basi. Kwetu mtoto wa ndugu mdogo hasemi jambo la baba yake mkubwa mbele ya watu kabla hajaenda kukaa kwake jikoni. Unakwenda na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unakaa chini, unalisema kwa sauti ndogo. Akasirike hapo hapo jikoni. Hasira imwishie hapo hapo. Halafu siku ya mkutano yeye mwenyewe ndiye anayesimama na kulisema kana kwamba ni la kwake. Wewe hukufundishwa hilo, umekulia kati ya malori na mabanda ya video. Mimi nililijua. Lakini nilikuwa na shughuli ya kujivuna. Nilizunguka kijiji siku mbili nikitangaza kwamba binti yangu analeta video aliyoitengeneza mwenyewe, nikapita mbele ya mlango wa kaka yangu mara kadhaa, nikampungia mkono tu.

Baada ya pale unajua yaliyofuata. Kaka alituma ujumbe kwamba hatakuja kukuaga, na kwamba mtoto akiifuta miti yake kwenye ile video tutaelewana. Yeye ndiye aliyenilea babu yako alipokuwa hajiwezi. Aliacha shule ili mimi nisome mpaka nikajua kushika kamera. Enzi hizi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndizo zilizompa ahueni, wanunuzi wa nguzo na mbao wanakuja na malori yao mpaka mlangoni, na kila mlingoti ulioko pale kwenye chemchemi aliupanda kwa mkono wake, kabla mtu yeyote hajamwambia kuwa unakunywa maji. Sikuona njia nyingine. Nikaja kwako nikasema, "Mwanangu, ni miti michache tu, nani huko ng'ambo atajua?" Ukanijibu kwamba kijito kitakauka kwenye picha bila sababu ya kukauka, na yule mwalimu unayemwendea huko atauliza. Nikasema, basi mwambie ni jua. Niliyasema hayo, mimi ambaye nilikaa chini ya mafundisho yako juu ya rangi nyekundu nikajifanya nimeelewa.

Halafu Jumapili ukakubali. Na nilipokuona unakubali, nikamwona yule binti wa Mdandu anavyofuta machozi.

Jumatatu nikapanda gari kuja huku. Kamera nimeiacha kwenye ndoano, mama yako atakuwa ameiona. Njiani nikanunua ulanzi, nikaingia kwa kaka yangu kwa mlango wa jikoni, nikakaa chini kabisa kwenye kipande cha gunia.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene," akajibu, macho kwenye moto. Akasukuma kuni, akasema, "Leo huna taa yako ya kunimulika?"

Nikamwambia nimekuja kusema lile ambalo lilitakiwa lisemwe hapa kwanza. Nikalisema lote, kwa sauti ndogo. Nikamwambia mtoto hana kosa la adabu, kosa ni la aliyemlea. Akanywa. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililokuwa linamkaba siku zote hizo.

"Kwa nini alinipaka damu?"

Nikamfundisha kama ulivyonifundisha. Mwanga usioonekana, jani lenye afya, nyekundu maana yake mti mzima. Alinisikiliza mdomo umeachama.

"Unasema palipo pekundu sana ndipo penye miti mizima?"

"Ndiyo, kaka."

"Na pangu ndipo palikuwa pekundu kuliko pote?"

"Kuliko bonde zima."

Alianza kucheka taratibu, akaita shemeji yangu aliyekuwa nje, "Mama, njoo usikie! Kumbe ilikuwa sifa!" Tukacheka wote watatu. Nikadhani yamekwisha. Lakini kicheko kilipopungua uso wake ukabadilika, akasema, "Hata hivyo maji yalipotea." Nikamwongezea ulanzi. Akasema, "Yule bibi aliposema warudishe nyuma, na mimi nilicheka. Mara ya pili nikacheka. Mara ya tatu nikaona yeye hachezi. Alikuwa anaomba. Na alikuwa ananitazama mimi, hakuitazama televisheni." Hapo alijifuta pua kwa kiganja. Sijawahi kumwona kaka yangu analia, hata siku tulipomzika baba.

Na hapo nikupe jambo moja jingine. Siku tulipomzika babu yako, mimi sikutupa udongo. Nilikuwa napiga picha. Kaka alinitazama kutoka upande wa pili wa kaburi, akangoja, nikageuza filamu. Maisha yangu yote nimesimama pembeni nikishika kioo mbele ya macho, nikijiambia kwamba hiyo ndiyo kazi yangu katika kila msiba na kila harusi. Ni kazi nzuri, imekusomesha. Lakini ina hila: unaona kila kitu na hakuna anayekuomba ushike kitu. Kazi yako inaona mbali kuliko yangu. Unaweza kulitazama bonde kutoka mbinguni na kuona hata mwaka ambao haujafika. Sikuombi uiache. Nakuomba mara mojamoja uteremke, uingize miguu kwenye tope, umuulize mwenye kinyungu jina lake kabla hujamtia kwenye hesabu. Mimi nimechelewa kujua hilo na nimelijua kwa aibu.

Na wewe pia unaweza kukosea, ukumbuke. Uliniambia mwenyewe kwamba maji ya kijito uliyapima kiangazi mara mbili tu, na miaka ile ya mbele ni makisio. Siku ile ukumbini hukupata nafasi ya kulisema, maana watu walikuwa wanashangilia. Safari nyingine lisemee juu ya kelele. Waambie: hiki nimekiona, hiki nakikisia. Watu wanaiamini picha inayotembea kuliko wanavyomwamini mchungaji, na mimi ndiye shahidi wa picha iliyoaminiwa. Huko uendako, kwenye chumba cha yule mwalimu wenu anayeifundisha kompyuta kuchora mawingu na mito, hakutakuwa na baba mkubwa. Lakini wenye miti watakuwepo. Watakuja kwa adabu, watakusifia, watakuambia ni michache tu. Utamjua mtu wa namna hiyo haraka, kwa sababu umekulia naye nyumba moja.

Sasa, kwa nini siko Makambako kukufungia mizigo.

Kaka amekubali kuitoa milingoti iliyoizunguka chemchemi, kuanzia chini mpaka kwenye njia ya kanisani. Ile ya juu ya njia amekataa, na sikumlazimisha. Akasema atafanya mgowe, kijiji kije na mashoka, watu wanywe ulanzi, wasiokunywa wapate togwa. Nikasema vizuri sana, lini? Akasema Ijumaa.

"Kaka, Ijumaa mwanangu anasafiri."

"Mwanao ndiye aliyelianzisha."

"Basi iwe Jumamosi."

"Ulanzi haungoji, na mimi Jumamosi nitakuwa nimebadili mawazo. Unanijua." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe ndiye utakayeanza. Shoka la kwanza ni lako. Sitaki nikuone umesimama pembeni."

Namjua. Atabadili mawazo kweli. Mlingoti nao ni mbishi kama yeye, ukiukata tu unachipua, lazima mtu akae na visiki mpaka ving'oke, na kazi hiyo haitaisha kwa siku moja wala kwa nyimbo. Nimemwahidi nitakaa. Jana nilikwenda kumwambia Bibi Yudita. Alikuwa ameinama kwenye kinyungu chake, hakuinuka. Akasema, "Nitaamini nikiona kwa macho yangu, siyo kwenye ile video." Nikamwambia, mama, una haki.

Nilitaka kukushika mkono kabla hujapanda basi, Faraja. Nimelifikiria jambo hili siku mbili, nikaona ningeweza kuja nikusindikize, nikupungie mpaka basi lipotee, na huku nyuma miti ingebaki. Ungeondoka na baba aliyekuja stendi na bonde lile lile. Nimechagua, na inaniuma. Ukikasirika una haki pia.

Dereva amekwisha kufunga kamba, ananipigia honi. Baba yako mkubwa anasema nikuandikie kwamba hana kinyongo, na kwamba ukirudi upite kwanza jikoni kwake. Anasema pia nisisahau kuandika kwamba pake ndipo palikuwa pekundu kuliko pote.

Kanda yako ibebe kama ilivyo, mwanangu. Usifute hata mti mmoja. Kuifuta ni kazi yetu huku, na tunaianza asubuhi.

Ni mimi, baba yako, niliyemwona kuku wako akidonoa nikanyamaza.